Kikokotoo: Tunabishania Asilimia, Fedha Imekatwa Kwingine

Tangu kikokotoo, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kianze kutumika Tanzania Julai 2022, watetezi wake wamekuwa na hoja moja kuu: mstaafu apewe mkupuo (kiinua mgongo kinacholipwa mara moja) mdogo na pensheni kubwa ya kila mwezi, kwa sababu mkupuo huisha ilhali uzee unaendelea. Hoja hiyo ina uzito. Wapo wastaafu waliotapeliwa kiinua mgongo chote, na wapo waliokiingiza kwenye biashara wasiyoijua kikayeyuka kabla ya mwaka kwisha. Pensheni ya kila mwezi hulipwa mpaka mtu afariki, na ndugu hawezi kuja kuikopa yote kwa siku moja.

Lakini hoja hiyo imewageuza wanaodai mkupuo kuwa watu wasiojua kutunza fedha. Hapo sikubaliani, na sababu yangu ni hesabu.

Tumchukue mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, iliyokuwa mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, miezi ya utumishi ilizidishwa kwa mshahara wa mwaka na kugawanywa kwa 540 (ndiyo 1/540) kupata pensheni ya mwaka; asilimia 50 ya pensheni hiyo ilizidishwa kwa 15.5 (kizidisho) ikawa mkupuo, na iliyobaki ikalipwa kila mwezi. Kwa hesabu hiyo angelipwa mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya kama 333,000 kwa mwezi. Kanuni ya sasa inatumia 1/580 na 12.5, na bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo wa kundi lake, yaani waliokuwa kwenye asilimia 50, kutoka asilimia 33 hadi 40. Analipwa mkupuo wa milioni 37.2 na pensheni ya kama 372,000. Kwa hiyo amepungukiwa karibu milioni 24.8 za mkupuo, akaongezewa shilingi 39,000 kwa mwezi.

Ili hizo 39,000 zirudishe milioni 24.8, inahitajika miezi zaidi ya 630. Ni karibu miaka 53. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa amefidiwa akikaribia 113. Hata chini ya asilimia 33, ambapo pensheni ilikuwa kubwa zaidi, kufidiwa kungechukua zaidi ya miaka 31. Na bado hatujagusa kupanda kwa bei, ambako huila pensheni isiyopanda yenyewe kila mwaka. Milioni 24.8 hizo hizo zikiwekwa kwenye hati fungani ya serikali ya muda mrefu kwa riba ya asilimia 12, zingemletea karibu 248,000 kila mwezi, na mtaji ukabaki wa kwake na wa wanawe. Si kila mstaafu angefanya hivyo, nakubali. Ila anayesema mkupuo ni wa watu wasiopanga maisha yao aiangalie hesabu hii kwanza.

Sasa fedha hiyo ilikwenda wapi? Kama kilichobadilika kingekuwa asilimia peke yake, kutoka 50 hadi 40, mwalimu wetu angepata mkupuo wa milioni 49.6 na pensheni ya 400,000. Hapo maelezo kwamba fedha imehamishwa kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye pensheni yangekuwa sahihi kabisa. Kilichoishusha milioni 49.6 hadi 37.2 ni zile namba mbili zisizozungumzwa sana, 580 na 12.5. Na 580 imeishusha pensheni pia, kutoka 400,000 hadi 372,000. Milioni 12.4 hizo hazikuhamishiwa popote kwenye mafao yake. Zimekatwa.

Husemwa pia kwamba watu siku hizi wanaishi zaidi, ndiyo maana mifuko inaelemewa. Kwa 1/580 naielewa sababu hiyo. Kwa 12.5 inagoma. Kadiri mstaafu anavyotarajiwa kuishi miaka mingi, ndivyo kila shilingi ya pensheni anayokubali kuiachia inavyopaswa kubadilishwa kwa mkupuo mkubwa zaidi. Kizidisho kimekwenda kinyume.

Upande wa serikali una jambo lingine la haki: wanachama wa NSSF na PPF, mifuko ya hasa sekta binafsi na mashirika ya umma, walikuwa tayari kwenye 580, 12.5 na mkupuo wa asilimia 25, na ilikuwa vigumu kutetea tofauti kubwa kiasi hicho baina ya wafanyakazi wa nchi moja. Kweli. Mfuko nao lazima uwe na fedha ya kumlipa anayeajiriwa leo. Lakini tusisahau kwamba sehemu kubwa ya pengo la PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, ilitokana na watumishi wa kabla ya Julai 1999, ambao mafao yao serikali ilibeba dhima ya kuyalipa. Desemba 2021 ilitoa hati fungani maalumu isiyo taslimu, yaani ahadi ya kulipa badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Mwalimu yeye alikatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi bila kukosa.

Tena mkupuo ndio nyumba. Mwalimu wa kijijini anayeishi nyumba ya shule hutakiwa kuiachia akistaafu, na mshahara wake ulikwenda kwenye ada na kwa wazazi. Akifariki akiwa na miaka 63, wategemezi hulipwa pensheni ya miezi 36, basi.

Kwa aliye na miaka 40 au 45 sasa, hesabu ya kupangia ni hii: kwa utumishi wa miaka 30, mkupuo ni kama mishahara 37, wakati waliomtangulia walipata 62. Kiwanja na msingi visisubiri barua ya kustaafu. Na vyama vya wafanyakazi, vinapokwenda mezani tena, vidai tathmini ya uhai wa mfuko (hesabu ya kama mfuko utaweza kulipa mafao miaka ijayo) iliyozaa 12.5 na 580 iwekwe hadharani, maana mvutano mwingi umekuwa juu ya asilimia.