Vichwa vya Daumier: Shaba Iliyokuja Msanii Akiwa Kaburini

Miaka ya mwanzo ya 1830, mchoraji Mfaransa Honoré Daumier alifinyanga vichwa vidogo vya wanasiasa wa enzi ya mfalme Louis-Philippe, akavipaka rangi, akavitumia kama vielelezo vya katuni zake katika magazeti ya Charles Philipon. Udongo haukuchomwa. Vichwa 36 vipo leo katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Daumier alifariki 1879. Nakala za shaba zilianza kutoka takriban miaka 50 baadaye, mwuza sanaa Maurice Le Garrec alipokwisha kuvinunua vichwa hivyo na kuvipeleka kwenye kiwanda cha kusubu shaba cha Barbedienne: nakala 25 au 30 kwa kila kimoja.

Wanaozikataa wana hoja. Msanii hakuziagiza wala hakuzikagua. Katika shaba, rangi aliyoipaka kwa mkono wake imegeuka kahawia tupu. Na udongo ulikuwa umeshapasuka na kukarabatiwa, hivyo ndani ya shaba mna pia mkono wa mkarabati. Kwa kanuni za Ufaransa za leo, nakala zinazohesabiwa kuwa kazi halisi ni 12 tu.

Lakini kuziita ghushi ni kuzionea. Zilitangazwa kuwa toleo lenye idadi, na zina alama ya MLG, yaani herufi za Maurice Le Garrec, pamoja na namba. Udongo mbichi ukilowa hulegea, ukigongwa humeguka, na kilichomeguka hakirudi. Shaba inaushika uso kama ulivyokuwa siku ya kutolewa kalibu, mfinyo wa kidole gumba na yote.

Ghushi hasa ni nakala ya nakala, na hiyo hujifichua kwa kipimo. Shaba ikipoa hunywea karibu asilimia 2. Kichwa cha d'Argout, yule waziri wa pua ndefu, kina takriban sentimita 13: nakala ya shaba iliyotoka kwenye kielelezo cha plasta cha udongo huo hupungua milimita mbili na nusu hivi. Mtu akitoa kalibu juu ya shaba hiyo, hupotea nyingine kama hizo, na pua huwa ya kwanza kuonyesha, kwa kuwa ncha yake hufa na makunyanzi ya pembeni hujaa. Upime kutoka kidevuni hadi utosini. Kitako usikiamini, kila fundi hukikata na kukisugua apendavyo. Kisha tazama namba. Iliyogongwa kwa patasi ina kingo kali. Iliyonakiliwa pamoja na kichwa huwa butu, tena mara nyingi ina vitundu vya hewa ndani ya tarakimu.