Kura ya Vikaratasi na Kura ya Sandukuni

Neno letu "kura" lina maana mbili. Msomaji wa Matendo ya Mitume anajua kwamba kura ndiyo iliyomwangukia Mathiya, akawa mtume badala ya Yuda, bila kampeni wala fomu. Wapo wanaopendekeza turudi kwenye kura ya aina hiyo, yaani viongozi wa serikali wapatikane kwa bahati nasibu miongoni mwa raia wote, ili fedha na vyama visiwe na pa kushika.

Pingamizi linalotajwa kwanza ni la ujuzi. Xenophon, mwandishi wa Ugiriki ya kale, anasimulia dai la mshtaki wa mwanafalsafa Socrates kwamba aliwakosoa Waathene kwa kuteua watawala kwa maharage, ambayo ndiyo waliyopigia kura hizo, ilhali hakuna ambaye angempata nahodha au seremala kwa njia hiyo. Hoja inavutia, ila uchaguzi nao hupima umaarufu na uzito wa mfuko zaidi ya ujuzi. Tena mtu wa kawaida akipewa muda na wataalamu wa kuwahoji, hujifunza. Mwaka 2016 Ireland ilikusanya raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, mwenyekiti wao akiwa Jaji Mary Laffoy, kujadili miongoni mwa mengine kifungu cha Katiba kilichozuia utoaji mimba. Mapendekezo yao yalifungua njia ya kura ya maoni ya Mei 2018, ambapo asilimia 66.4 walikubali kifungu hicho kiondolewe. (Hata bahati nasibu huchakachuliwa: mwaka huohuo ilibainika kwamba wajumbe 7 wa kujazia nafasi walikuwa wametafutwa kwa njia ya kujuana.)

Pingamizi linalonisumbua mimi ni la uwajibikaji. Mbunge anayetamani muhula mwingine ana sababu ya kuwaogopa wananchi, lakini aliyeangukiwa na kura hana wa kumrudia kuomba chochote, kwa hiyo akiharibu anaondoka zake. Watetezi hujibu kwamba ndiyo sababu hahongeki kwa ahadi za uchaguzi ujao, na wana haki. Waathene wenyewe, hata hivyo, hawakuiamini bahati peke yake: aliyepatikana alihojiwa kabla ya kushika ofisi, hesabu zake zilikaguliwa alipotoka, na katika Baraza la watu 500 hakuna aliyeruhusiwa kukaa zaidi ya mara mbili maishani. Majemadari 10 waliwachagua kwa kunyoosha mikono.

Kwa hiyo ningekubali baraza la kujadili Katiba liundwe kwa bahati nasibu, kwa kuwa humo wengi husahihishana, lakini si ofisi ambayo mtu mmoja anashika ufunguo wa hazina. Kina mama wanaocheza upatu wamelitenganisha jambo hili zamani. Vikaratasi hukunjwa, hutikiswa kwenye bakuli, na kila mmoja huokota namba ya zamu yake, na atakayeipata ya mwisho hanung'uniki sana. Kijumbe, anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya fedha, haokotwi bakulini; huyo hujadiliwa kwa jina lake, na mara nyingi hadi pale anapoishi.