Sindano moja kabla ya kisu, au dawa za siku tano baadaye?

Siku ya sita baada ya dada yangu kutolewa uvimbe kwenye kizazi, shashi ilikuwa imeloa usaha na harufu ilitupokea mlangoni mwa wodi. Nyuzi za chini zilikuwa zimeachia. Tangu atoke thieta alikuwa amechomwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku 5 mfululizo. Nilimuuliza muuguzi kama kuna sindano aliyopewa kabla ya kupasuliwa. Akapekua faili, hakuna. Na upasuaji wenyewe ulipangwa wiki 3 kabla.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka antibayotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe upasuaji ukishakwisha. Vijidudu huingia pale ngozi na utumbo vinapofunguliwa. Dawa inatakiwa iwe imeshaenea mwilini saa hiyo hiyo.

Wanaoendeleza dawa si wazembe. Daktari anaijua wodi yake: wagonjwa wawili kitanda kimoja, bomba limekauka tangu asubuhi, ndugu wanashika bandeji kwa mikono mitupu. Kidonda kikioza, atakayeulizwa ni yeye. Tena kuna wagonjwa ambao mwongozo huo wa kinga hauwahusu kabisa. Aliyepasukiwa na kidole tumbo, au aliyetobolewa utumbo na taifodi, uchafu umeshamwagika tumboni. Huyo anatibiwa, hakingwi, na anahitaji dawa kwa siku kadhaa. Kumkatizia ni kumweka hatarini.

Lakini kwa upasuaji wa kupangwa kama wa dada, naona hofu ya daktari ni ya kweli ila dawa yake siyo hiyo. Hospitali ya Thika, Kenya, ilihamishia sindano kabla ya upasuaji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wiki ya kwanza asilimia 60 ya waliopasuliwa waliipata, wiki ya sita asilimia 98. Dawa za baadaye zilipunguzwa sana, na maambukizi ya juujuu ya kidonda yakapungua badala ya kuongezeka.

Seftriaksoni hainawishi mtu mikono. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 katika nchi 7, Rwanda ikiwamo, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Timu zilipobadilisha glavu na vifaa kabla tu ya kufunga tumbo, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Glavu safi tu na vifaa safi! Fedha ya dozi za siku 5 ningeipeleka huko, na kwenye maji.

Usaha wa dada ulipelekwa maabara. Majibu yakarudi: mdudu aliyeota humo hasikii seftriaksoni. Kidonda kikaachwa wazi kijae nyama kutoka chini, kikisafishwa kila siku, wiki 6.