Siku Gari Lilipoinua Makalio Barabarani

Nianze na ramani, maana bila ramani hamtanielewa. Injini ya gari tunalojiundia mimi na shemeji iko nyuma ya viti. Rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, iko puani mwa gari, mbele kabisa, kwa sababu huko ndiko kwenye upepo. Katikati kuna viti viwili, gia, breki ya mkono na, siku nyingi, shemeji yangu akiwa amelala chali na tochi mdomoni. Maji yatoke kwenye injini yakiwa ya moto, yapite chini ya vitu vyote hivyo hadi puani, yapoe, kisha yarudi nyuma. Toyota walipoitoa MR2 mwaka 1984 walikuwa na shida hiyo hiyo, wakaitatua kwa mabomba marefu ya chuma chini ya sakafu na vali ndogo za kutolea upepo mahali panapostahili. Sisi tulichukua injini yao, ile 4A-GE ya cc 1587, tukawaachia akili zao.

Haya yote yanatendeka Coventry, Uingereza, ambako mtu kujiundia gari nyumbani si kichaa bali ana hobi. Mambo haya wameyaanza zamani. Lotus Seven, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilipotoka mwaka 1957, watu waliinunua ikiwa vipande kwa sababu gari zima lilikuwa na kodi ya mauzo na vipande havikuwa nayo. Inasimuliwa kwamba ili kodi isiingie, kiwanda hakikuruhusiwa kukupa maelekezo ya kuliunganisha, basi wakawa wanaweka maelekezo ya kulifungua, nawe unayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Shemeji aliposikia kisa hicho alifurahi mno. Kumbe tangu utotoni yeye alikuwa anatengeneza vitu kwa utaratibu huo.

Sasa, gari letu lilikuwa limeshika upepo kwenye mabomba ya maji. Ukiliwasha, geji ya joto inapanda vizuri, inatulia, halafu inashuka ghafla kana kwamba injini imezimwa, kisha inaruka hadi kwenye nyekundu. Nyuma chuma kinaunguza, mbele rejeta ni baridi kabisa, na feni imetulia tuli kwa sababu swichi yake iko kwenye rejeta, na rejeta haina habari. Mfumo mzima ulipaswa kunywa zaidi ya lita 10, lakini ulikunywa saba, ukafunga mdomo. Hizo lita nyingine nafasi yake ilikuwa imekaliwa na hewa.

"Shem," akasema shemeji akijifuta mikono kwenye kanga ya dada yake, jambo ambalo tutalilipia baadaye, "tatizo ni nundu."

Na kweli, bomba la kupeleka maji lilikuwa linapanda juu ya waya wa gia, kisha linashuka tena. Hewa hupanda, basi ikifika kwenye nundu inakaa. Ili kulipitisha bomba chini ya ule waya ilibidi kufungua klipu iliyojificha kati ya injini na ukuta wa nyuma wa viti, mahali ambapo mkono wa binadamu hauingii, labda wa paka. Kwa hiyo, injini iinuliwe. "Vidole viwili tu," akasema shemeji.

Tukakodi winchi la kusukuma kwa mkono, lile lenye miguu miwili ya kupita chini ya gari. Miguu haikupita. Gari la michezo linatembea chini sana, ndiyo sifa yake, na aliyeunda winchi hakuwafikiria watu wenye sifa. Tukalipandisha gari juu ya mbao, magurudumu yote manne, na mbele tukaweka matofali mawili ya kuzuia. Nasema "tukaweka", aliyeweka mnamjua.

Mpango ulikuwa kumwaga maji kwanza. Beseni lilikuwa tayari, na kifuniko cha tangi la maji kule nyuma kilikuwa kimeshafunguliwa. Lakini shemeji akataka kuonja uzito wa injini kabla ya chochote. Boliti za mauntini, zile zinazoishikilia injini kwenye gari, zilikuwa nne. Kwenye kopo la jamu kulikuwa na boliti tatu. Nilimuuliza. Akasema ya nne iko mfukoni.

Akaanza kupampu. Cheni ikakaza. Injini ikapanda kidogo upande mmoja, ikasita. "Imeganda kwenye raba," akasema, akaongeza. Gari likatoa mlio wa mtu anayeamshwa alfajiri, kisha makalio yake yakapanda. Injini, giaboksi, viti, magurudumu ya nyuma, vyote vikaondoka kwenye mbao na kuning'inia hewani. Boliti ya nne, ile ya mbele nyuma ya kiti, haikuwa mfukoni. Ilikuwa kazini.

"Shusha!" nikasema.

"Subiri nione inavyoning'inia," akasema yeye.

Mbao za mbele zikateleza, matofali yakafuata, na gari, likiwa limeinua nyuma na kuinamisha pua, likaanza kutoka gerejini mwetu kama toroli linalosukumwa na mtu asiyeonekana. Winchi nalo lina magurudumu, likalifuata. Shemeji alikuwa ameshika mpini wa winchi, akalifuata winchi. Mimi nilishika bomba la ekzosti, nikafuata wote. Njia ya kutokea kwetu ina mteremko wa kistaarabu, hivyo msafara ulikwenda polepole, polepole kiasi cha jirani yetu mzee kupata muda wa kutoa kofia na kusema habari za asubuhi.

Mapipa ya taka ndiyo yaliyotuokoa. Pua ikaligonga la kijani, gari likatikisika, likasimama, mkia bado uko juu.

Ndipo tukasikia mlio. Tumboni mwa gari kitu kilitembea kutoka puani, kikapita chini ya viti, kikapanda nyuma: glu, glu, kisha "bwaa!" kubwa, na tangi lililokuwa wazi likacheua mapovu usoni mwa shemeji. Maji yalikuwa baridi, namshukuru Mungu. Tukachungulia. Tangi lilikuwa tupu kabisa, kiwango kimezama kusikojulikana. Nikaleta kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikamimina. Ikanywa lita. Ikanywa nyingine. Ikanywa hadi karibu lita nne zikaisha.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakutazama gari lililoinamia pipa, wala winchi lililoziba njia ya watu. "Hiyo kanga," akamwambia kaka yake, "ni ya mama."

Tulilishusha gari, tukalisukuma ndani, tukaliwasha. Geji ikapanda, ikatulia. Feni mbele ikalia yenyewe. Rejeta ikaunguza kidole cha shemeji, akatabasamu. Nundu mpaka leo iko pale pale na boliti ya nne haijawahi kufunguliwa.

Jioni tukampigia mjomba wao, fundi wa Tanga, kumwelezea uvumbuzi wetu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Ehe?"

Shemeji akaeleza: ukitaka kutoa upepo, inua upande wenye tangi la maji, hewa yote inakimbilia huko. Mjomba akanyamaza kidogo. "Sasa huko Ulaya hakuna mlima? Sisi tunaliegesha tu kwenye mteremko, upande wa kifuniko juu. Hata mtoto wa gereji anajua."

Shemeji akakohoa.

"Na hilo gari, mwanangu, nimeona picha. Paa liko wapi?"

"Halina paa, mjomba. Ni la michezo."

"Milango?"

"Halina."

"Na huko mvua inanyesha?"

Shemeji akaanza kupiga kelele kwamba mtandao unakatika, na huku mimi namwona mjomba kwenye kioo safi kabisa, ameegemea kiti, anasubiri jibu.