Wiki Moja Bagamoyo Kila Mwaka: Uinunue au Ulipe Kila Ukienda?

Ukialikwa chakula cha mchana cha bure kwenye hoteli ya ufukweni, na sharti pekee likiwa uje na mwenza wako mkae kusikiliza maelezo kwa saa moja na nusu, jua unaenda kuuziwa uanachama wa likizo, ile biashara iitwayo taimushea. Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unalipa mamilioni kadhaa kwa mkupuo, unapata haki ya kulala wiki moja kila mwaka katika nyumba ya hoteli hiyo kwa miaka iliyoandikwa, na kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende. Kwa familia ya Dar es Salaam, Bagamoyo inaonekana imeumbwa kwa ajili ya mpango kama huo. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi, ukipita Bunju na Mapinga. Watoto hawajamaliza kugombania dirisha, mmeshafika.

Kwa familia nyingi ninazozijua jibu langu ni hapana, ila si kwa sababu inayotajwa sana vijiweni, kwamba "hao ni matapeli". Matapeli wapo, kama walivyo kwenye viwanja. Lakini biashara yenyewe ni halali na ina umri. Ilianzia Ulaya miaka ya 1960, ikahamia Marekani, na mwaka 1974 ikaundwa RCI, kampuni inayowawezesha wanachama kubadilishana wiki zao kati ya hoteli na hoteli. Marriott waliingia mwaka 1984, Disney mwaka 1991. Siku hizi klabu nyingi zinauza pointi za kulipia siku za kulala badala ya wiki, lakini mfupa ni uleule.

Nianze na hoja ya upande wa wauzaji, tena ile yenye nguvu kuliko wao wenyewe wanavyoitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Zinakwenda wapi? Msiba Handeni, harusi Moshi, na zilizobaki kusimamia fundi kwenye kiwanja cha Kerege. Pesa ya mapumziko nayo ikikaa kwenye simu bila kazi, hupata kazi haraka: kadi ya mchango, ada ya mtoto wa dada, bati za nyumba ya mama. Wiki iliyolipiwa mapema ina ulinzi ambao "tutaangalia mwezi wa nane" haina. Mjomba akipiga simu, "tumeshalipia, mjomba" ni jibu analolielewa. "Tumepanga kupumzika" kwake si jibu kabisa.

Hoja ya pili ni nafasi. Nyumba ya vyumba viwili yenye jiko inambeba bibi, dada wa kazi na watoto wote, wakati chumba cha hoteli kinawagawa. Mkinunua samaki wenyewe mnadani pale ufukweni asubuhi, mkapika wali wa nazi, mnakula kwa sehemu ndogo ya bei ya mgahawa wa hoteli. Kwa familia kubwa hilo si jambo dogo, na ndipo hesabu inapoanza kuwa ya kweli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Uanachama ni shilingi 18,000,000, ada ya matunzo 900,000 kwa mwaka, na ada inapanda asilimia 8 kila mwaka. Kwa mwendo huo ada inakuwa maradufu ndani ya miaka tisa. Katika miaka kumi utakuwa umelipa ada ya kama milioni 13, jumla milioni 31, yaani karibu 443,000 kwa usiku mmoja. Familia ambayo ingetosheka na chumba cha 150,000 kwa usiku, bei nayo ikipanda kwa asilimia hiyohiyo, ingetumia milioni 15 na kidogo. Hapo uanachama umekula mara mbili. Lakini familia inayohitaji nyumba nzima ya 350,000 kwa usiku ingetumia zaidi ya milioni 35, hivyo mwanachama ameokoa kama milioni nne. Muuzaji mwerevu atakuonyesha mstari huu wa mwisho na kufunga kalamu.

Usikubali haraka. Zile milioni 18 zilikuwa na uwezo wa kufanya kazi. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zimetoa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka mingi. Tuseme kumi tu: hiyo ni 1,800,000 kila mwaka, mtaji haujaguswa. Familia ndogo inalipia wiki yake kwa riba hiyo na kuanza na chenji. Familia kubwa inaongezea kama milioni 17 na nusu kwa miaka yote kumi, lakini mwisho wake bado ina milioni 18 zake, ambazo kwenye uanachama haziko tena. Halafu kuna miaka ambayo hamtakwenda, kwa sababu mtoto ana mtihani au mmoja wenu amehamishiwa Mwanza. Ukikosa miaka miwili kati ya kumi, bei ya usiku katika mfano wetu inapita 550,000.

Na ole wako kama ada imeandikwa kwa dola. Dola iliyouzwa karibu shilingi 1,700 mwaka 2014 ilipita 2,500 mwaka 2024. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani, kwa hiyo muuzaji anayekuandikia dola kwa nyumba iliyoko Bagamoyo ana la kujieleza kabla hata hujafika kwenye bei.

Ada yenyewe siilaumu. Anayeishi pwani anajua chumvi inavyofanya kazi. Tazama nyuma ya jengo lolote lililo mbele ya bahari, pale inapofungwa mitambo ya nje ya viyoyozi: mabati yake yameliwa kingo, skrubu zimegeuka unga wa kutu, na bomba limefungwa kwa utepe mweusi na fundi aliyejua atarudi. Bawaba za milango zinalia. Paa la makuti linataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na makuti mazuri hayashuki bei. Hoteli isiyotoza matunzo ya kweli itakuwa gofu kabla mkataba haujaisha. Tatizo ni nani anapanga kiwango chake. Mikataba mingi ya namna hii inampa mwendeshaji mamlaka ya kupandisha ada na kuitisha mchango maalumu jengo likihitaji ukarabati mkubwa, bila ukomo. Wewe umefungwa, yeye hajafungwa. Kama ningepewa nafasi ya kubadili kifungu kimoja tu, ningeweka ukomo wa ongezeko la mwaka na kuacha mengine.

Lipo jambo la majira pia, na hapa mpwani ana faida kuliko muuzaji aliyefunzwa kwa makaratasi ya nje. Katika mfumo wa kubadilishana wa RCI, wiki hupangwa kwa rangi: nyekundu ni msimu wa watu wengi, nyeupe wa kati, bluu wa watu wachache. Wiki ya bei nafuu Bagamoyo itakuwa ya masika, Aprili au Mei, mvua inanyesha na maji ya bahari yamechafuka. Hata katika msimu mzuri, wiki iliyofungwa kwa tarehe za kalenda haijui mwezi mwandamo. Ikiangukia bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, katikati ya asubuhi, saa ambazo watoto wameshavaa nguo za kuogelea, maji yametoka mbali mno, na kilichobaki mbele yenu ni mchanga, tope na kaa. Yanarudi alasiri. Anayelipa kila akienda huchagua siku zake kwa kuangalia mwezi. Mwenye wiki maalumu huchukua anachopewa.

"Lakini mama, ukichoka Bagamoyo unabadilisha, unakwenda Hispania!" Hii ndiyo hoja ya muuzaji inayong'aa kuliko zote kwenye ukumbi wa maelezo, na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania ndiyo dhaifu kuliko zote. Pointi hazina viza. Viza ya nchi za Schengen ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na tiketi za ndege za watu watano ziko juu yako. Hapo umeshalipa pia uanachama wa mtandao wa kubadilishana na gharama ya kila badilisho. Mombasa na Diani zinafikika kwa gari kupitia Horohoro, sawa, lakini hizo unaweza kuziendea bila kuwa mwanachama wa chochote.

Sheria ndiyo iliyobaki. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na unamkataza muuzaji kupokea hata senti katika siku hizo. Florida wanatoa siku 10. Hispania, Mahakama ya Juu ilianza mwaka 2015 kubatilisha mikataba isiyo na kikomo. Ulinzi huo haukufuati hadi Bagamoyo. Hapa unayo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza taarifa za kupotosha, na Tume ya Ushindani ya kupelekea malalamiko, lakini siku za kughairi zidai ziandikwe ndani ya mkataba wako mwenyewe. Akikataa, amekujibu. Kabla ya hapo, ulizia kampuni BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kisha fanya upekuzi kwa msajili wa hati: kiwanja ni cha nani, na kimewekwa rehani? Uanachama wa klabu ni haki ya kimkataba. Haukupi hati ya ardhi wala sehemu ya jengo, na benki ikija kukamata mali, mwenye rehani iliyosajiliwa anasimama mbele yako.

Soma pia kifungu cha kifo. Muuzaji atasema "wanao watarithi", na ni kweli, watarithi na ada. Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo familia nyingi za Bagamoyo na Tanga huifuata, madeni hutolewa kwanza kabla mali haijagawanywa, kwa hiyo ada zilizolimbikizwa zinakata mafungu ya warithi wote, hata yule wa Tanga ambaye hajawahi kukanyaga hapo hotelini. Kutaka kujitoa nako kuna bei. Marekani wapo wanaotangaza wiki zao kwa dola moja ili tu waepukane na ada.

Njia ninayoipendelea ni ya ndugu kuchangia. Familia tatu au nne zinaweka kiasi kila mwezi kwenye akaunti moja au kwenye vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na kukodi nyumba nzima mara moja kwa mwaka. Ina udhaifu wake: mmoja atachelewesha, na shemeji atataka kuja na wageni wake. Lakini atakayejitoa anachukua chake na kuondoka.

Ambaye bado anautaka uanachama, kwa kuwa kweli huenda ufuo uleule kila mwaka na watu saba nyuma yake, asinunue ukumbini. Atafute mwanachama anayetaka kutoka, apatane naye bei, kisha kabla ya kulipa adai barua ya klabu inayotaja ada inayodaiwa, gharama ya kuhamisha jina, na kama pointi za mnunuzi wa pili zina haki sawa na za wa kwanza.