Kamera ya Getini Inatafuta Nini kwa Mhasibu?

Mtandao wa ofisi ukisuasua, dawa ya kwanza huwa ni kuongeza kasi au kununua ruta kubwa zaidi. Mimi ningeanza na swali jingine: nani na nani wamekaa kwenye mtandao mmoja?

Siku hizi si kompyuta tu. Kuna kamera za ulinzi, printa, runinga ya chumba cha mikutano, mashine ya mahudhurio inayosoma alama za vidole, kihisi cha joto ndani ya friji. Kila kimoja ni kompyuta ndogo yenye anwani yake, na mara nyingi vyote vinatumia nywila ile ile ya Wi-Fi anayopewa hata mgeni wa nusu saa. Hapo kamera ya getini inaweza kubisha hodi kwenye kompyuta ya mhasibu, na hakuna wa kuizuia.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo 60 tu, za aina ya "admin" kwa "admin". Kamera na rekoda zikafunguka kwa wingi. Oktoba 21 vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitoa huduma za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao), na watu wengi wakaikosa Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Uingereza ilianza kutekeleza sheria ya kukataza nywila za namna hiyo Aprili 2024. Miaka zaidi ya saba baadaye!

Tiba yenyewe haina makuu. Swichi, yaani kifaa kinachounganisha waya za mtandao, ikiwa inakubali VLAN (mitandao pepe), hugawa mtandao mmoja katika makundi yasiyoonana, kwa waya zile zile. Kiwango cha kiufundi cha VLAN, 802.1Q, kinaruhusu makundi 4,094; ofisi nyingi zinatosheka na matatu: wafanyakazi, vifaa, wageni. Kisha unaweka kanuni kwenye ruta: kompyuta ya mlinzi ifungue kamera, lakini kamera isianzishe mawasiliano na yeyote.

Kinachowashinda wengi ni printa. Ukiihamishia kundi la vifaa, kompyuta haziioni tena, kwani zilikuwa zikiitafuta kwa kutuma wito kwa vifaa vyote vya mtandao ule, na wito huo hauvuki VLAN. Bosi anataka kuchapa barua, fundi anatoka jasho, jioni kila kitu kinarudishwa pamoja. Kumbe ilitosha kuipa printa anwani ya kudumu, kuisajili upya kwenye kompyuta kwa anwani hiyo, na kuiruhusu kwenye kanuni za ruta.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuunganishwa, muulize muuzaji kitapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Akianza kunisifia ukali wa picha badala ya kutaja mwaka, mimi sinunui.