Hela ilikuwepo bwana

Wiki hii nimekisoma tena kile kitabu chembamba cha John Steinbeck, Of Mice and Men, cha mwaka 1937, hii ni mara ya tatu, na safari hii nimekifunga nikiwa na hasira na mtu ambaye sikutegemea. Wengi wakikimaliza wanamlilia Lennie, hata mimi mara ya kwanza nilimlilia, tena ndani ya daladala, konda ananiangalia anajua nimefiwa. Safari hii machozi hamna. Nina kesi na George, na wala sio kwa kile alichokifanya kule mtoni, hicho mshakibishania vya kutosha.

(Nasimulia mpaka mwisho kabisa. Kama hujakisoma na unataka kukisoma kwanza nenda tu, Jumapili moja inatosha, utanikuta hapa hapa.)

Kwa kifupi basi. George Milton na Lennie Small ni vibarua wawili wanaozunguka California shamba hadi shamba, miaka ile ya 1930 uchumi wa Marekani umelala chali, kila mtu na blanketi lake amelikunja mgongoni. George kajamaa kadogo kepesi, mjanja. Lennie ni pande la mtu, hilo jina la Small lenyewe ni utani, kazini nguvu zake hakuna anayezifikia ila kichwani ni mtoto, anapenda kushika vitu laini, panya, kitambaa, nywele. Kule Weed walikotoka alishika gauni la binti wa watu akashindwa kuliachia, binti akapiga ukunga, ikabidi wajichimbie kwenye mtaro wa maji mpaka giza liingie ndo wakatoroka. Sasa wanafika ranchi moja karibu na Soledad kupakia magunia ya shayiri kwa dola 50 kwa mwezi, wanalala bweni moja na wanaume ambao kila mtu kaja kivyake na ataondoka kivyake. Juu ya kila kitanda kimepigiliwa kisanduku cha matofaa ukutani, hilo ndo kabati, mali yote ya mtu inakaa humo, sabuni, wembe, dawa, basi.

Usiku kabla ya kuripoti kazini wanalala porini kando ya mto Salinas, wanapasha maharage ya kopo. Lennie anataka maharage yake yawe na tomato sosi, tomato sosi haipo, na George anafoka weee, mara ningekuwa peke yangu ningekula raha, mara sijui nimekosa nini mimi, halafu akishamaliza kufoka anaona aibu. Na akiona aibu ndo Lennie anapoomba ile hadithi yao. Hapo mtu aliyekulia kwa bibi anaelewa palepale, maana ni paukwa pakawa kabisa. George anaanza kwamba vibarua wa mashambani ndo watu wapweke kuliko wote duniani, Lennie anadakia sisi lakini hatuko hivyo, mimi nina wewe na wewe una mimi, George anaendelea na nyumba ndogo, ng'ombe, kuku, eka 10, Lennie anadakia sungura, nitawalisha mimi sungura. Hadithi anaijua yote kwa moyo ila hataki kujisimulia mwenyewe, anataka asimuliwe.

Sasa naomba tukae chini tupige hesabu, maana hiki kitabu watu wanakisoma kama shairi wakati kimejaa namba.

Hicho kieneo bei yake ni dola 600. George na Lennie wanafika ranchi wakiwa na dola 10 kwa wote wawili. Mpaka hapo ni stori za kupitishia usiku, na George mwenyewe anasimulia kama mtu asiyeamini. Halafu mzee Candy, yule mfagiaji wa bweni mwenye mkono mmoja, aliyekuwa amelala hapo kitandani anasikiliza kimya kimya, anauliza kama George anajua kieneo cha namna hiyo kilipo. George anashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Na mzee anamwaga kila kitu mezani: ana dola 250 alizolipwa alipopoteza mkono kazini hapo hapo ranchi, ana nyingine 50 benki, na 50 za mshahara zinakuja mwisho wa mwezi. Jumla 350. George na Lennie wakimaliza mwezi bila kwenda mjini kulewa wanapata 100. Hiyo 450. Wenye eneo ni wazee wamefulia na bibi anatakiwa afanyiwe operesheni, kwa hiyo watakubali, Candy atatangulia kutuma 100 ya kushikia.

Mwezi mmoja! Ndoto iliyokuwa mawinguni ukurasa mmoja nyuma sasa imebakiza mwezi mmoja. Wote watatu wananyamaza, wanatazamana kwa mshangao.

Ila angalia hela yenyewe imetoka wapi. Fungu kubwa kuliko yote ni fidia ya mkono wa mtu. Na bei imewezekana kwa sababu kuna bibi mgonjwa mahali fulani ambaye hatujawahi hata kumuona. Yaani hata maskini akipata upenyo, upenyo wenyewe ni msiba wa maskini mwingine. Hapo nilikiweka kitabu pembeni nikaenda kuchemsha chai.

Na mtu asiniletee habari za hawakuwa na nidhamu ya pesa. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kulinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama, vibarua wa mashamba wakaachwa nje. Mwaka 1938 ikaja sheria ya kima cha chini cha mshahara, wakaachwa nje tena. Huko huko Salinas, mwaka 1934, Wafilipino wa mashamba ya letusi waligoma na kambi yao ikachomwa moto. Na hili nalo nalisema japo nampenda mzee Steinbeck: kazaliwa Salinas mwaka 1902, ujanani kafanya kazi kwenye ranchi za huko, mwaka 1936 kazunguka kwenye kambi za vibarua akiandikia gazeti la San Francisco, kila kitu kakiona, halafu kwenye kitabu hiki Wafilipino na Wameksiko karibu hawaonekani. Bweni zima ni wazungu, na mtu mweusi mmoja, Crooks, analala peke yake kule kwa farasi. (Mwaka huo huo wa 1936 mbwa wake alichanachana kama nusu ya mswada wa kitabu hiki, ikabidi aandike upya. Kamsamehe mbwa. Mimi sijui kama ningeweza.)

Tumrudie Candy, maana mwenye kesi ni yeye.

Candy alikuwa na mbwa mzee, kipofu, ananuka, ambaye kamlea tangu kitoto. Carlson, mmoja wa vibarua, analalamika harufu, analalamika tena, anatoa hoja zake za huruma, mwisho anatoa bastola. Candy anamwangalia kila mtu mle ndani kutafuta wa kumsaidia. Hakuna. Mbwa anatolewa nje kwa kamba, na wanaume wanabaki wanajifanya wanacheza karata, kimya, kimya, mpaka mlio unasikika, na mzee anageukia ukutani. Ni kurasa chache sana hizo ila nimezisoma polepole kuliko kitabu kizima. Baadaye anamwambia George kwamba ilitakiwa ampige mwenyewe, asingemwachia mtu baki amuulie mbwa wake. Kila mwalimu wa fasihi anakimbilia hiyo kauli kwa sababu inaandaa kile cha mwishoni, George anapompiga Lennie risasi mwenyewe, na ni kweli inaandaa, ila mimi nasikia kingine pale. Candy anajua zamu inayofuata ni yake. Anasema siku moja watamfukuza hapo, hana pa kwenda, hana ndugu. Ndo maana hela yake yote anaitoa kwa watu aliofahamiana nao jana tu! Tena anaongeza kwamba ataandika wosia, akifa fungu lake libaki kwao. Anaomba tu alime bustani na kupika kidogo.

Usiku unaofuata hata Crooks anaingia. Crooks amejaa dharau, kaona mamia ya wanaume wanapita na kishamba kichwani na hakuna hata mmoja aliyekipata, anasema ni kama mbingu tu. Ila akisikia hela ipo kweli sauti inamshuka, anasema kama mnataka mtu wa kufanya kazi bila mshahara mimi naweza kuja. Dakika kumi hazipiti, mke wa Curley (Curley ndo mtoto wa bosi) anaingia na kumkumbusha kwamba neno lake moja linatosha kumnyonga mtu mweusi juu ya mti, na Crooks anajifuta, anasema nilikuwa natania. Huyo mke wa Curley hapewi jina kitabu kizima. Na yeye ana ndoto, sinema, aliahidiwa barua haikuja.

Jumapili bandani, Lennie anapapasa nywele za huyo mke wa Curley, anazishika sana, mama anapiga kelele, Lennie anaogopa, anamtikisa, shingo inavunjika. Anayemkuta maiti ni Candy. Anamwita George. Na mzee, akiwa amesimama mbele ya maiti, anauliza kitu ambacho watu wanamwona mbinafsi kwa kukiuliza: mimi na wewe tunaweza bado kukipata kile kieneo, si ndio George? Kabla hajajibiwa anainamisha kichwa. George anasema taratibu kwamba anadhani tangu mwanzo alijua hawatafika, ila Lennie alipenda sana kusikia hadi na yeye akaanza kuona labda. Atamaliza mwezi wake, atachukua dola zake 50, ataenda kuzimalizia mjini kama wengine wote.

Sasa piga tena hesabu. Candy 350, George 50. Ni 400. Bibi bado mgonjwa, bado anahitaji operesheni. Mipango ilikuwa ya 450, wamepungukiwa 50, mshahara wa mwezi mmoja tu. Hela ilikuwepo bwana!

Hapa inabidi nimtaje babu. Babu yangu alikuwa manamba, kwa vijana wasiolijua neno, enzi za Mwingereza unatolewa kwenu mbali, yeye alitoka Kigoma, unapelekwa mashamba ya mkonge Tanga, unapewa namba na kipande, ile kadi ya kazi, cha siku 30, na siku ambayo hujamaliza kazi uliyopimiwa haihesabiwi. Kule alipata rafiki, Mmakonde kutoka Msumbiji, walipika sufuria moja miaka, na walipanga kununua cherehani, mmoja ashone mwingine azungushe nguo. Rafiki akafia kambini. Nilikuwa la sita nilipomuuliza, babu hela mlikuwa mmefikisha ngapi? Akasema ilibaki kidogo sana. Sasa mbona hukumalizia ukanunua? Babu akaniangalia kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Ya nini tena?"

Kwa hiyo George namwelewa, msidhani simwelewi. Hadithi bila wa kuitikia haisimuliki, na saa ile Curley na bunduki yake wako njiani, kichwa cha mtu hakiwezi kukaa sawa. Ila babu hakuwa na mtu wa tatu. George alikuwa naye! Candy alikuwa anaitikia, tangu usiku ule anaitikia, anauliza kieneo kilipo, anauliza bei gani, na mezani aliweka kikubwa kuliko wote. Kila mtu anakisifu kitabu hiki kwa urafiki na mimi nakisifu, lakini urafiki wa wale wawili ulikuwa na mlango mdogo sana, mzee alikaribishwa na hela yake na siku Lennie anatoka mlango ukafungwa na yeye akiwa nje. Nasikia mtu anasema George alimpenda Lennie kiasi cha kumuua kwa mkono wake. Sawa. Mzee Candy alikosa hata wa kumdanganya kwamba tutaona huko mbele.

Mwishoni kabisa, kule mtoni, risasi ishalia, Slim, mmoja wa wafanyakazi wa ranchi, anamshika George mkono wanapanda kuelekea barabarani wakanywe kitu, na Carlson anabaki kashangaa wale wawili wana nini. Hakuna anayerudi bandani. Kule Slim alimwambia Candy abaki amlinde marehemu, na mara ya mwisho tunayomuona amelala kwenye majani makavu, mkono wake umefunika macho, hela yake yote bado ipo.